Raundabauti ya leni mbili, naenda moja kwa moja: leni gani na indiketa gani?

Mzee_wa_Fielder (mwenye uzi)
Wakuu, salamu. Naomba tusaidiane bila matusi.

Jumapili asubuhi nimetoka Westlands hapa Nairobi nateremka Uhuru Highway, naelekea Nyayo. Pale raundabauti ya University Way taa zilikuwa zimezima, askari hayupo, magari ya kuhesabika. Nikaingia na leni ya ndani, hii ya upande wa kulia. Sikuweka indiketa kwa sababu naenda moja kwa moja. Nilipopita njia ya University Way nikawasha kushoto nianze kutoka. Kando yangu, leni ya nje, kulikuwa na Probox nyeupe, na yeye hatoki, anaendelea kuzunguka kuelekea State House Road. Kona yake ya mbele ya kulia ikaingia kwenye mlango wangu wa nyuma wa kushoto.

Hakuna aliyeumia. Yeye anasema nimemchomekea. Mimi nasema leni ya nje ni ya kutoka, haikuwa yake. Tumepiga picha, tumepeana namba, abstrakti ya polisi (ile ripoti ya ajali) naifuata kesho. Nani ana makosa?

#2 Kasuku_wa_Kayole
Wewe. Uzi ufungwe.

#3 Wanja_Ruaka
@Kasuku taratibu, mzee hata chai hajamaliza. Pole kwa gari, mzee.

Mimi nilivyofundishwa kwenye ule ubao wa mji wenye vigari vidogo: kushoto unakaa leni ya nje, moja kwa moja unakaa katikati, kulia au kurudi ulikotoka unakaa ndani. Ubaoni leni ni tatu. Sasa barabarani zikiwa mbili, hiyo "katikati" ni ipi? Nilimuuliza mwalimu wangu, akaniambia nisogeze kigari mbele tuendelee na junction.

#4 Mwalimu_Bamba_L
Dada Wanja, huyo hakuwa mwalimu, alikuwa anasubiri saa ya chakula. Mimi ndiyo kazi yangu, acha niweke mambo wazi.

Kama unaishika njia ya kwanza kushoto: leni ya kushoto, indiketa ya kushoto tangu mbali, na huizimi mpaka utoke. Kama unageuka kulia au unarudi: leni ya kulia, indiketa ya kulia tangu mbali, ukishapita njia iliyo kabla ya yako unabadilisha kushoto. Moja kwa moja: ukikaribia huwashi kitu, unaingia na leni ya kushoto isipokuwa mishale ya barabarani iseme vingine au leni hiyo iwe imezibwa. Ukishapita njia ya kwanza, washa kushoto. Hiyo ya kutokea ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Na wakati wa kuingia unampisha aliye tayari ndani ya mzunguko, yaani anayekujia kutoka kulia kwako.

Kwa kesi ya Mzee: kwenda moja kwa moja na leni ya ndani si dhambi. Lakini wakati wa kutoka unaikata leni ya mwenzako. Indiketa inaomba njia, haikupi njia. Kioo cha kushoto kwanza, tupa jicho juu ya bega, ndipo usukani.

#5 Kasuku_wa_Kayole
Nilisema uzi ufungwe.

#6 Dere_wa_111
Mwalimu, hayo ni ya ubaoni. Njoo uketi na mimi kwenye kiti cha mbele jioni moja.

Mimi nabeba watu. Abiria anashuka mita chache baada ya raundabauti, mwingine ananisubiri hapo hapo. Nikikaa ndani, kutoka nitaombea kwa nani? Kwa hivyo nakaa leni ya nje hata kama naenda kulia, nazunguka nayo yote. Na indiketa ninayo: ni mkono wa makanga. Akiupiga ubavu wa gari mara mbili na kunyoosha kiganja, hata basi la shule linasimama.

#7 Wanja_Ruaka
@Dere_wa_111 na mkono ukiwa umeshika nauli?

#8 Dere_wa_111
Ana miwili, dada yangu.

#9 Fundi_wa_Grogan
Watu wanaongea sheria, mimi naongea bati. Mzee amesema mlango wa NYUMA wa kushoto, na Probox ni kona ya mbele ya kulia. Hapo maana yake Mzee alikuwa mbele. Angekuwa ndiye aliyemchomekea mwenzake kutoka nyuma, angekula fenda yake mwenyewe ya mbele au taa. Magari ya hivyo nayaona kila wiki, hadithi ni nyingi lakini bati halina mdomo wa kudanganya. Weka picha ya ule mkwaruzo tuone umeanzia wapi, nyuma kwenda mbele au mbele kwenda nyuma.

#10 Mzee_wa_Fielder
@Fundi umeanzia karibu na kitasa ukaenda mpaka juu ya tairi la nyuma. Asanteni wote, nasoma.

#11 Fundi_wa_Grogan
Basi ni hivyo. Ulikuwa unampita, yeye akabaki pale pale.

#12 Kasuku_wa_Kayole
Fundi, kuwa mbele kwa nusu gari si hati ya shamba. Nikikupita halafu nikukate, mlango wangu wa nyuma ndio utakaogongwa. Bati hilo hilo linaniunga mkono mimi.

#13 Fundi_wa_Grogan
Pia inawezekana 😂

#14 Mchora_Ramani
Kuna swali hakuna aliyeuliza. Ile Probox iliingia kutoka wapi?

Kama iliteremka na Mzee kutoka Westlands ikiwa leni ya kushoto, halafu ikazunguka mpaka State House Road, basi imegeuka kulia na leni ya kushoto, na hilo ni lake. Lakini kama iliingia kutoka University Way, kwake State House Road ni moja kwa moja. Leni ya kushoto ni halali yake kabisa. Kosa lake hapo litakuwa lingine: hakumpisha Mzee aliyekuwa tayari ndani, akimjia kutoka kulia.

Makosa mawili tofauti kwa mgongano ule ule. Mzee, ulimwona akiingia?

#15 Mzee_wa_Fielder
Sikumwona akiingia. Nilimwona kwenye saidi mira akiwa kando tayari.

#16 Kasuku_wa_Kayole
"Kwenye saidi mira akiwa kando tayari." Kwa hivyo ulimwona, na bado ukakata.

#17 Mzee_wa_Fielder
Nilimwona wakati chuma kinaongea, Kasuku.

#18 Sio_Mimi_wa_Probox
Nyinyi mnajisumbua. Moja kwa moja unaweka hazadi. Taa zote mbili, maana yake siendi huku wala huku. Baba alinifundisha hivyo na ameendesha tangu enzi za Peugeot 504.

#19 Wanja_Ruaka
Haya, imefika. Nilikuwa naisubiri hazadi.

#20 Mwalimu_Bamba_L
@Sio_Mimi mheshimu mzee wako, lakini hazadi iache. Fikiria aliyesimama kushoto kwako akisubiri kuingia. Haoni gari lako lote, anaona ubavu mmoja na kona moja ya mbele. Taa ya kulia imefichwa na bodi au na gari lililo katikati yenu. Yeye anaona kitu kimoja tu: kushoto inawaka. Kwake umesema unatoka. Anaingia, na wewe huyo unakuja. Hazadi ni ya gari lililokwama, au ya kumwonya aliye nyuma kwamba mbele kuna hatari.

#21 Sio_Mimi_wa_Probox
Na mvua ikinyesha?

#22 Mwalimu_Bamba_L
Mvua ikinyesha washa taa za mbele, punguza mwendo. Hazadi hapana.

#23 Trela_Malaba
Hazadi ya mvua Waiyaki Way nimeikuta mpaka nikaacha kulalamika. Ukiwa juu kwenye kabini unaona msururu mzima unameta kuteremka kutoka Kangemi, na hakuna hata mmoja unayejua anaenda wapi.

Niongezee la malori maana hamtutaji ila mkitaka kutulaumu. Nikiwa na trela ya futi arobaini, kichwa kikizunguka, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya kichwa. Yanakata kwa ndani, yanalisogelea lile bustani la katikati. Nikija kutoka, nakunja kushoto na mkia unakata upande wa kushoto, pale pale ambapo mwenye Vitz ameona nafasi na kujiingiza. Mimi simwoni, yuko chini ya kioo. Nitawasha indiketa ya kushoto huku bado nimekaa kulia, si kwamba nimechanganyikiwa, nahitaji leni zote mbili. Ukiona trela imeingia raundabauti, baki nyuma yake. Usije kando. Sekunde utakazookoa hazitoshi hata kulipia kichwa cha samaki Muthurwa.

Na mkidhani ya hapa ni magumu, nendeni na mzigo Kigali. Uganda ni kushoto kama kwetu, ukivuka Gatuna unahamia kulia na raundabauti unazunguka kinyume, unampisha wa kushoto. Safari ya kwanza utingo wangu alikuwa anaimba "kulia, kulia, kulia" tangu mpakani.

#24 Mpita_Njia_tu
Samahani, mimi sina gari. Lakini mnaongea kana kwamba indiketa ni barua ya dereva kwa dereva. Sisi wa miguu tunaovuka pale mdomoni mwa raundabauti, ile indiketa ya kushoto ya kutokea ndiyo inayotuambia tuvuke au tusubiri. Gari linazunguka bila taa, naamini linaendelea, naweka mguu chini, kumbe linatoka. Haile Selassie jioni watu wanavuka kwa vikundi kwa sababu hiyo. Kikundi wanakiogopa, mtu mmoja hawamwogopi.

#25 Wanja_Ruaka
Hili nimelipenda kuliko yote. Asante, Mpita Njia.

#26 Buda_wa_South_B
Sasa mimi nitasema ukweli ambao Mwalimu hataupenda. Watu wa Nairobi wanazijua indiketa. Hawaziwashi kwa sababu ukiwasha umejichongea. Washa kulia uone kama yule wa kulia hatakanyaga mafuta aizibe ile nafasi. Hapa mjini indiketa ni kutangaza mpango wako kwa adui. Kwanza unaingiza pua, ukishaingia ndiyo unawasha, kama asante.

#27 Dere_wa_111
Buda amemaliza.

#28 Mwalimu_Bamba_L
Buda, na wewe ukiona mwenzako amewasha, unafanyaje?

#29 Buda_wa_South_B
Naziba. Mimi ni mwananchi wa hapa.

#30 Niko_Swindon
Habari za huko nyumbani. Niko Uingereza, mji wa Swindon, na kama mnataka raundabauti njooni huku. Kuna moja wanaita Magic Roundabout, ipo tangu 1972: vimzunguko vitano vidogo vimeuzunguka mmoja mkubwa, na ule wa katikati unaenda kinyume na vile vya nje. Mara ya kwanza nilipita nikiwa na jasho. Lakini inafanya kazi, kwa sababu kila mtu kila mahali anafuata jambo moja: mpishe wa kulia aliye ndani.

Sheria hiyo ya kumpisha aliye ndani ya mzunguko huku iliwekwa 1966. Kabla ya hapo wanaoingia walikuwa wanajiingiza tu, mzunguko unajaa, wa ndani hawawezi kutoka, wa nje hawawezi kuingia, kila kitu kinasimama.

#31 Kasuku_wa_Kayole
"Wa ndani hawawezi kutoka, wa nje hawawezi kuingia." Ndugu, hiyo si historia, hiyo ni Ijumaa.

#32 Mwangalizi_Ngara
Kasuku amechekesha lakini hapo ndipo penye mzizi. Sheria ya kumpisha wa ndani haiwezi kufanya kazi mahali askari ndiye anayeachilia magari. Askari anashika upande mmoja muda mrefu, akiuachilia unakuja wote kwa pamoja, leni nne kwenye nafasi ya mbili, na hakuna wa kumpisha yeyote. Dereva aliyejifunzia Nairobi hatazami kulia. Anatazama mkono wa askari. Siku askari hayupo, kama Jumapili hiyo ya Mzee, hajui tena atazame wapi. Taa za Uhuru Highway zenyewe zinaweza kuwa kijani na askari amekunyooshea kiganja, unamtii nani? Kiganja.

Mnakumbuka mapipa ya Kidero, gavana wa wakati huo, 2014? Wakafunga kugeuka kulia kabisa.

#33 Trela_Malaba
Ilikuwa 2015.

#34 Mwangalizi_Ngara
2015, sawa. Mapipa yenye zege, unataka kulia unaambiwa nenda mbele ukageukie huko. Msongamano ukahamia huko mbele, na kila mtu aliyezoea kugeuka kulia sasa yuko leni ya kulia akienda moja kwa moja. Tabia hiyo ikabaki hata mapipa yalipoondoka. Mimi naamini leni ya Mzee ilitoka huko.

#35 Mzee_wa_Fielder
Mimi nakaa leni ya kulia kwa sababu ya kushoto ina mashimo na matatu. Mapipa hayahusiki.

#36 Mchora_Ramani
Tuseme kitu kuhusu umbo lenyewe, maana tunalaumu watu tu. Njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kugongana. Raundabauti ya leni moja inazo 8. Ndiyo maana wahandisi wanazipenda. Lakini ukiongeza leni ya pili, sehemu za kugongana zinarudi, na mbaya zaidi ni ile ile ya Mzee: wa ndani anatoka, wa nje anaendelea. Uholanzi miaka ya 1990 walibuni aina nyingine, leni zinazunguka kwa mtindo wa parafujo na katikati yake kuna kingo za kuinuka. Unachagua leni kabla ya kuingia, na ukishaingia huwezi kuhama hata ukitaka. Ugomvi wa nani ametoka na leni gani haupo.

Hapa kwetu kingo hakuna, mishale imefutika, na pengine mistari yenyewe imefutika. Ukiuliza "leni gani", lazima kwanza mkubaliane leni ziko ngapi.

#37 Buda_wa_South_B
Weka kingo za kuinuka Nairobi uone boda boda atakavyozipanda juu kwa juu.

#38 Mdau_wa_Arusha
Jamani majirani, poleni. Huku kipilefti cha Mnara wa Saa kina mtalii katikati anapiga picha na bado tunapita salama. Shida yenu ni haraka. Mnaenda wapi?

#39 Kasuku_wa_Kayole
Kazini. Nyinyi hamjui.

#40 Mdau_wa_Arusha
Nilikuja kwa amani 😄

#41 Wa_Mercedes_ya_Mtumba
Naomba niulize ingawa mtacheka. Nimetoka kwenye Toyota nikanunua gari la Kijerumani. Toyota za Japani mti wa indiketa uko mkono wa kulia. Hili uko kushoto. Kila nikifika raundabauti nawasha waipa. Jua kali, hakuna wingu, waipa zinapiga kioo kikavu, kila mtu ananitazama. Hii inaisha lini?

#42 Fundi_wa_Grogan
Ikiisha utauza gari urudi Toyota, ianze upya.

#43 Wanja_Ruaka
Kwa hivyo siku ile niliyoona mtu anapangusa kioo kikavu pale Museum Hill nilikuwa nimemhukumu bure!

#44 Mgeni_Barabarani
Shikamooni. Leseni yangu ni mpya. Mtihani nilipita vizuri, vigari vya ubaoni nilivisogeza bila kosa. Kisha nikaingia ile ya Karen peke yangu, leni ya ndani, nikashindwa kutoka. Kila nikiwasha kushoto kuna mtu kando yangu. Nikazunguka tena. Kuna mama anauza maua pale pembeni, niliporudi mbele yake akanipungia mkono. Sasa nauliza: mtu akikunyima nafasi ya kutoka, unasimama ndani ya raundabauti au unazunguka tena?

#45 Mwalimu_Bamba_L
Marahaba. Unazunguka tena, na ulifanya vizuri. Hakuna kosa kwenye sheria linaloitwa kuzunguka sana. Ukisimama ndani, wa nyuma hatarajii. Ila mara ijayo anza kuhamia nje mapema, pale unapopita njia iliyo kabla ya yako, usisubiri mpaka mdomoni.

#46 Kasuku_wa_Kayole
Mwalimu amemjibu na Mzee pia humo humo.

#47 Bima_na_Mengine
Nafanya kazi ya madai ya ajali, sitasema wapi. Mzee, jiandae kwa jambo hili: polisi hawatakuandikia "kosa la raundabauti". Wakiandika, mara nyingi ni kuendesha bila uangalifu, kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, na hicho kinaweza kumwangukia yeyote kati yenu. Mambo ya leni mtabishana kwenye mchoro. Kwa hivyo chora leo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi: umeingilia wapi, leni zilikuwa ngapi, indiketa uliwasha ukiwa sambamba na nini, na magari yalisimama wapi kabla hayajasogezwa. Kama una picha zinazoonyesha barabara nzima na si mkwaruzo tu, hizo ndizo dhahabu. Na @Mchora_Ramani ameuliza swali litakaloamua kesi. Tafuta mtu aliyeiona Probox ikiingia.

#48 Mzee_wa_Fielder
Asante sana. Picha tatu zinaonyesha barabara. Mstari wa leni hauonekani kwenye hata moja.

Kuna kijana alikuwa anauza magazeti pembeni. Nitarudi Jumapili nimtafute.

#49 Kasuku_wa_Kayole
Ukimpata kabla mwenye Probox hajampata.

#50 Dere_wa_111
Mzee, ukienda usiegeshe pale, watakufunga gari. Panda na mimi, nitakushusha.

#51 Mpita_Njia_tu
Utamshusha kabla ya raundabauti au ndani yake?

#52 Dere_wa_111
Itategemea na askari.